Fimbo ya Mbali Haiui Nyoka: Antivirasi Inapoomba Intaneti Kwanza

Leo nataka tuongee kuhusu jambo ambalo limenikera kwa muda sasa, nalo ni hizi antivirasi zetu na mapenzi yao makubwa kwa intaneti. Swali lenyewe ni rahisi: ukichomoa waya wa mtandao, au bando likiisha, antivirasi yako inabaki na kazi gani? Mwenye kuiuza atakuambia kila kitu kiko sawa. Ukiijaribu mwenyewe, unaweza kupata jibu lingine kabisa.

Nianze na msingi kidogo kwa wale ambao hawajawahi kuchungulia ndani ya programu hizi. Wataalamu mnivumilie.

Antivirasi ina njia kama tatu za kumtambua adui bila kutoka nje ya tarakilishi yako. Ya kwanza ni orodha ya alama. Kila kirusi kinachojulikana kina vipande vya msimbo vinavyokitambulisha, na antivirasi hulinganisha faili zako na orodha hiyo. Ya pili ni kusoma muundo wa faili na kukisia: mbona faili hili limejificha ndani ya lingine, mbona linajiita picha na ilhali ni programu? Ya tatu ni kutazama tabia. Programu ikianza kufungua nyaraka zako mamia kwa mamia na kuzifunga kwa ufunguo wa siri, huhitaji kujua jina lake ili ujue ni mwizi. Mambo haya yote yanaweza kufanyika hapo hapo mezani. Miaka ya 1990 ndivyo ilivyokuwa, na orodha mpya ya alama iliweza kukufikia kwa diski.

Njia ya nne ni wingu, nayo ilishika kasi karibu na mwaka 2008 na 2009. McAfee walileta huduma yao waliyoiita Artemis mwaka 2008, na Panda wakatoa Cloud Antivirus mwaka 2009, ambayo jina lake pekee lilitosha kueleza mambo. Hapa antivirasi inachukua faili isilolijua, inalipigia hesabu na kupata namba fupi inayolitambulisha, kama alama ya kidole (sisi watengenezaji tunaiita heshi), kisha inaituma namba hiyo kwa seva na kuuliza: huyu mnamjua? Microsoft Defender, ambayo imo ndani ya Windows 10 na 11, inaweza kulizuia faili geni kwa sekunde 10 huku ikisubiri jibu, na msimamizi wa mitambo anaweza kuongeza muda huo hadi sekunde 60.

Sasa, nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na wingu. Hebu tupige hesabu pamoja. Taasisi ya AV-TEST ya Ujerumani imekuwa ikieleza kwamba husajili zaidi ya programu mpya 450,000 kila siku, zikiwemo hasidi na zile zisizotakikana. Tuseme tunataka kuweka heshi ya kila moja ndani ya tarakilishi yako. Heshi ya aina ya SHA-256 ina baiti 32. Zidisha 450,000 kwa 32, utapata baiti 14,400,000, yaani zaidi ya megabaiti 14 kwa siku, na hapo hatujaweka jina wala maelezo. Kwa mwaka mmoja ni zaidi ya gigabaiti 5. Nani atanunua bando la kupakua uchafu wote huo, tena uchafu ambao mwingi wake hautafika Kenya wala hautaonekana tena baada ya wiki moja? Kwa hiyo kuuliza seva kuhusu faili moja moja ni busara, na aliyebuni jambo hilo hakuwa mjinga.

Shida ni kwamba adui hakusaini mkataba wa kutumia intaneti.

Tukumbuke Conficker, iliyoanza kuonekana Novemba 2008. Kwanza ilipita kwenye mtandao kupitia tundu la Windows ambalo Microsoft walikuwa wameliziba mwezi mmoja kabla. Toleo lililofuata likajifunza kupanda flashi, na hapo ndipo sisi wa Afrika Mashariki tulipoijua vizuri, maana flashi ndiyo iliyokuwa barua pepe yetu. Ukichapisha kazi yako saiba, unarudi nyumbani na mgeni. Lakini kilichonivutia zaidi ni ujanja wake wa pili: ikishaingia, ilizuia tarakilishi kufikia tovuti ambazo majina yao yana maneno kama "microsoft", "symantec" au "kaspersky". Intaneti ipo, unasoma magazeti vizuri, lakini daktari hapatikani. Kirusi chenyewe kilikuwa kimeelewa kwamba njia ya kumshinda mlinzi ni kumkata na wakubwa wake.

Halafu kuna WannaCry ya Mei 2017. Wengi mnakumbuka kwamba ilizimwa na kijana mmoja mtafiti wa Uingereza, Marcus Hutchins, aliyesajili jina la tovuti lililokuwa limeandikwa ndani ya msimbo. WannaCry ilikuwa ikijaribu kuifikia tovuti hiyo kabla ya kuanza uharibifu, na ikiipata inaacha. Sasa fikiria maana yake. Tarakilishi iliyokuwa na intaneti ilisalimika. Tarakilishi isiyoweza kuifikia tovuti hiyo, ikaambukizwa na jirani yake kupitia mtandao wa ndani wa ofisi, ilifungiwa faili zake zote. Ufunguo wa kufungia ulitengenezwa papo hapo, bila kuomba ruhusa kwa mtu. Mwizi alifanya kazi bila intaneti. Na mlinzi je?

Watu wa AV-Comparatives, maabara ya Austria inayopima antivirasi, wamefanya jambo la maana sana kwa kutenganisha namba hizi. Katika ripoti zao za kupima ulinzi dhidi ya programu hasidi utaona safu ya kutambua bila intaneti na safu ya kutambua ikiwa na intaneti. Kuna bidhaa ambazo safu hizo mbili zinakaribiana. Kuna nyingine ambazo ukiondoa intaneti zinaporomoka vibaya. Sanduku la dukani halitakuambia ile ni ipi.

Lakini hata kupungua huko ninaweza kukuelewa. Mlinzi ambaye hajapata habari mpya atawakosa wezi wapya, hilo ni la kawaida. Kinachonikera ni kitu tofauti, na naomba mnifuate hapa kwa makini. Antivirasi huenda kwenye wingu kutafuta vitu viwili. Kimoja ni maarifa: je, faili hili ni baya? Kingine ni ruhusa: je, mtumiaji huyu amelipa, ameingia kwenye akaunti yake, anaweza kubonyeza kitufe hiki? Maarifa kutoka mbali nayakubali. Ruhusa kutoka mbali, kwa kazi za msingi, siikubali hata kidogo.

Niwape mfano. Nina programu ndogo niliyoiandikia chama cha ushirika wa maziwa huko Nyandarua. Asubuhi wakulima wanaleta maziwa, yanapimwa, karani anaingiza kilo, na mwisho wa mwezi programu inatoa hesabu ya kila mtu. Hakuna la ajabu. Tarakilishi ni moja, na chama kilinunua antivirasi kwa pesa zake halali kutoka kwa kampuni ambayo sitaitaja.

Mwaka jana, siku mbili kabla ya malipo, karani alinipigia simu. "Injinia, habari ya asubuhi. Ile programu ya maziwa imepotea."

Haikuwa imepotea. Antivirasi ilikuwa imeiweka karantini. Sababu yake tuliiona kwenye rekodi: seva iliuliza ni watu wangapi duniani wana faili hili, jibu likawa hakuna, kwa hiyo likatiliwa shaka. Naam, ni kweli hakuna mwingine. Niliiandikia chama kimoja! Hili ni jambo ambalo kila mtengenezaji mdogo wa programu wa Nairobi, Kisumu au Eldoret analijua: wingu huwaamini wenye wateja wengi, na wewe mwenye mteja mmoja unaonekana jambazi hadi uthibitishe vinginevyo.

Sawa, makosa hutokea. Rudisha faili, weka alama kwamba ni salama, maisha yaendelee. Lakini usiku huo mvua ilikuwa imenyesha na mtandao wa simu katika kituo hicho ulikuwa umelala. Karani alipobonyeza kitufe cha kurudisha, dirisha likamwambia: ingia kwenye akaunti yako ili uendelee. Akaunti haiwezi kuingiwa bila intaneti. Akabonyeza kitufe cha kuzima ulinzi kwa muda. Dirisha lile lile. Faili lilikuwa ndani ya diski yake, sentimita chache kutoka kwenye vidole vyake, na mwenye ufunguo alikuwa seva nje ya nchi.

Unajua tulivyoitatua? Sanduku la tarakilishi lilifungwa kwa kamba za mpira juu ya bodaboda, likapelekwa mjini kwenye duka la rafiki mwenye intaneti. Huko karani akaingia kwenye akaunti, akabonyeza kitufe, faili likarudi katika sekunde moja. Kisha bodaboda ikarudi kwenye barabara ya matope ikiwa na hesabu ya maziwa ya mwezi mzima. Wakulima walilipwa kwa kuchelewa siku moja. Kwa mtu anayesubiri karo au pesa za chakula cha ng'ombe, siku moja si kitu kidogo, na wazee waliokuja asubuhi hiyo walirudi nyumbani mikono mitupu.

Msinijibu kwamba hayo ni mambo ya mashambani na yataisha mtandao ukienea. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikayumba Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko. Hiyo siku hata mtu wa Upper Hill mwenye waya wa kasi alionja.

Na msinijibu pia kwamba ni shida ya Afrika. Tarehe 21 Aprili 2010, McAfee walituma masasisho yenye kasoro, yale ya namba 5958. Masasisho hayo yaliona faili muhimu la Windows XP liitwalo svchost.exe, yakadhani ni kirusi, yakaliondoa. Tarakilishi zikaanza kujizima na kujiwasha, na nyingi zikapoteza uwezo wa kuingia kwenye mtandao. Unaona mtego ulipo? Dawa ilikuwa kwenye intaneti, na ugonjwa wenyewe ulikuwa umeikata intaneti. Mafundi walizunguka mashine moja baada ya nyingine.

Miaka 14 baadaye, tarehe 19 Julai 2024, CrowdStrike walituma faili lenye kasoro na mashine za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft, zikabaki na skrini ya buluu. Ndege zilibaki chini katika nchi nyingi. Kwa mashine nyingi suluhisho lilikuwa lile lile la kizamani: mtu aende mwenyewe, awashe mashine katika hali salama, afute faili moja kwa mkono. Kampuni yenye wingu kubwa kama nini iliokolewa na watu waliotembea na flashi mfukoni.

Kwa hiyo naona kuna kazi ambazo antivirasi yoyote inayojiita hivyo inapaswa kuzifanya bila intaneti. Orodha yangu ni fupi:

1. Kukagua faili, folda na flashi kwa alama zilizopo, pamoja na kutazama tabia. Alama zikiwa za zamani, iniambie wazi ni za tarehe gani, lakini isikatae kazi.

2. Kusimamisha na kuweka karantini.

3. Kurudisha kutoka karantini. Hili ndilo husahaulika, nami naliona ni sawa kwa uzito na lile la kuzuia. Anayefunga mlango awe na uwezo wa kuufungua.

4. Kusasisha kwa faili. Nipakue alama mahali penye intaneti, niweke kwenye flashi, niende nazo. Microsoft wanatoa faili la namna hii kwa Defender, liitwalo mpam-fe.exe. ClamAV, ambayo ni programu huria, nayo huhifadhi alama zake katika mafaili ya CVD unayoweza kuyanakili, na yametiwa saini ya kidijitali ili mtu asikupe bandia.

5. Kuwasha mashine na kukagua kabla Windows haijaamka, kwa sababu kirusi kilicho macho hujificha. Microsoft Defender Offline hufanya hivyo.

Najua watengenezaji wenzangu mtanipinga kwa mambo mawili. La kwanza ni leseni: tukiacha programu ifanye kazi bila kuuliza seva, watu wataiiba. Jamani, hesabu za saini ya kidijitali tunazo tangu miaka ya 1970. Mpe mteja faili la leseni lenye jina lake na tarehe ya mwisho, litie saini kwa ufunguo wako wa siri, na programu itaihakiki saini kwa ufunguo wa wazi ulio ndani yake, bila mtandao wowote. Kuna mjanja atakayerudisha saa ya tarakilishi nyuma? Yupo. Lakini kumzuia huyo mmoja kwa kuwafungia nje wateja wote waliolipa ni kuchoma nyumba kwa sababu ya panya. Na hata leseni ikiisha kabisa, zuia masasisho mapya ukitaka. Kitufe cha kunirudishia faili langu usikiguse.

La pili lina uzito zaidi. Wanasema kurudisha kutoka karantini kunalindwa na akaunti ili kirusi kisije kikajirudisha chenyewe, au mtoto asije akakibonyeza. Ni kweli kwamba kitufe hicho kinahitaji mlinzi. Lakini mlinzi huyo anaweza kuwa nenosiri la msimamizi wa mashine yenyewe, ambalo Windows huliomba hata mahali pasipo na mnara wa simu. Wamechagua akaunti ya wingu kwa sababu akaunti inawaletea anwani yako, tarehe ya kukukumbusha ulipe na nafasi ya kukutangazia bidhaa nyingine. Biashara ni biashara, sawa. Ila waiite biashara, wasiiite usalama.

Sasa wewe msomaji ufanye nini? Kabla ya kununua, au hata leo kwa ile uliyo nayo, fanya jaribio hili. Tafuta faili la majaribio la EICAR. Ni mstari wa herufi na alama 68 tu, hauna madhara yoyote, na antivirasi zimekubaliana kuutambua kama kirusi ili watu wajaribu. Uweke kwenye flashi. Zima Wi-Fi, chomoa waya, zima data. Chomeka flashi, ukague. Ikilishika faili, nenda karantini ujaribu kulirudisha. Kisha jaribu kuongeza folda moja kwenye orodha ya zisizokaguliwa. Mwisho, acha mashine bila intaneti kwa siku chache ikiwezekana, halafu rudia.

EICAR haikuambii kama antivirasi ina akili, maana kila moja inaijua. Inakuambia kama iko hai bila intaneti, na nani ameshika ufunguo. Kwenye mashine tatu nilizojaribu mwezi huu, zote zililishika faili. Moja ilikataa kunirudishia hadi niingie kwenye akaunti. Hiyo nimeiondoa, ingawa mwaka wake wa leseni haujaisha.

Pale Nyandarua sasa tunatumia Defender ya Windows yenyewe, na kila Jumatatu karani hubeba alama mpya kwenye flashi kutoka mjini anapokwenda benki. Si ulinzi kamili. Kirusi kilichozaliwa Jumanne asubuhi kina nafasi ya kutupita hadi Jumatatu nyingine, na ndiyo maana nakala ya hesabu za maziwa hulala kwenye diski ya pili, kabatini, imechomolewa. Lakini mtandao ukilala, uamuzi unabaki mikononi mwa aliye mbele ya mashine. Fimbo ni fupi, ila iko karibu na nyoka.

Wikendi hii chomoeni waya mjaribu. Tutaonana wakati mwingine.